Chama kikihamisha mfumo, kilo zako zitafika salama?

Umebeba kahawa hadi ofisi ya chama cha msingi. Mizani imesoma, karani ameandika, stakabadhi unayo mkononi. Kisha unaambiwa, "Malipo subirini kidogo, mfumo unahamishwa." Baada ya siku tatu neno ni lile lile, na huko njiani watu wameanza kunong'ona kwamba kilo zimepotea.

Je, kilo zinaweza kupotea kweli kwa sababu kompyuta imebadilishwa? Ndiyo, zinaweza. Zinaweza pia kufika zote bila kupungua hata robo kilo. Katika makala hii tunaeleza kinachofanyika nyuma ya maneno hayo "mfumo unahamishwa", na mambo ambayo mwanachama wa kawaida, hata asiyejua kompyuta, ana haki ya kuyauliza.

Tuanze na uhamisho ambao huenda wewe mwenyewe umeshiriki bila kujua.

Kama nyumba yako, iwe Namswea, Mbinga mjini au Mbamba Bay, ilikuwa na mita ya LUKU mwaka 2024, utakumbuka siku uliponunua umeme ukaletewa makundi matatu ya namba badala ya moja, kila kundi likiwa na tarakimu 20. TANESCO walisema uingize la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Yale mawili ya kwanza hayakuleta uniti hata moja, na ukiruka ukaingiza la tatu peke yake, mita inakataa. Mwisho wa zoezi ulikuwa 24 Novemba 2024. Majirani zetu wa Kenya nao walipitia zoezi hilo hilo mwaka huo huo.

Kwa nini tarehe hiyo? Mita za aina hii zinafuata utaratibu mmoja uliotokea Afrika Kusini na ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Kila tokeni inapotengenezwa hubeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Waliobuni utaratibu huo waliitengea hesabu hiyo nafasi ndogo, isiyoweza kuzidi dakika 16,777,215. Zigeuze kuwa miaka, utapata karibu 32. Ukianzia Januari 1993 unaangukia Novemba 2024. Ni kama kaunta ya pikipiki yenye tarakimu tano: ikifika 99,999 inarudi 00,000, na asiyejua anaweza kuuziwa pikipiki iliyochoka akidhani ni mpya.

Kwenye umeme hatari ilikuwa ya pande mbili. Mita hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea, na hukataa tokeni iliyopitwa na wakati ili mtu asiingize ile ile mara mbili. Hesabu ikirudi sifuri, tokeni mpya uliyoinunua leo ingeonekana kwa mita kuwa ya mwaka 1993, ikakataliwa. Na kama ungeifuta tu kumbukumbu ya mita ili ianze upya, basi vile vikaratasi vya zamani vilivyochomekwa ukutani navyo vingeweza kukubaliwa tena. Ndiyo maana yalihitajika makundi mawili ya ziada: yalibadilisha ufunguo wa siri ulio ndani ya mita na kuanzisha hesabu mpya. Ufunguo ukishabadilika, tokeni ya zamani haifunguki tena. Hata ile halali uliyoinunua jana yake ukaiweka bila kuiingiza nayo inakufa, kwa hiyo ilipaswa kuingizwa kwanza.

Sasa angalia upande wa pili, kule kwenye seva. Seva ni kompyuta inayohudumia wengine, na ndani yake kuna kanzidata, yaani daftari kubwa lililopangwa ili mashine iweze kulisoma na kuliandika haraka. Daftari la LUKU linajua kila mita kwa namba yake na linajua mita hiyo inatumia ufunguo upi. Mita nyingi za LUKU hazina simu ndani yake, haziwezi kurudisha habari makao makuu. Seva ikishakutumia namba za kubadilisha ufunguo, daftari lake linahesabu kwamba umebadilisha, wakati labda wewe ulifuta ujumbe ukidhani ni matangazo. Hapo daftari linasema hivi na mita iliyoko ukutani inasema vile, na wewe uko gizani na uniti umelipia. Tiba yake ni kuomba upya zile namba mbili, kwa sababu zenyewe hazina uniti ndani na zinaweza kutolewa tena. Hata nyumba iliyofungwa tangu kabla ya Novemba 2024, mwenyewe yuko Dar es Salaam, kitaalamu mita yake bado inaweza kuzipokea.

Nimelikalia jambo la LUKU kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachohusu uhamishaji wa mfumo mkongwe. Kulikuwa na tarehe isiyosogezwa. Kulikuwa na mpangilio wa kwanza, pili, tatu. Haikufanywa kwa usiku mmoja, iligawanywa kwa miezi, kila mteja akabadilishwa siku aliponunua umeme, hivyo kosa la mtaa mmoja halikuzima nchi nzima.

Turudi kwenye ofisi ya chama. Hapa nitatumia chama cha kufikirika, kisije kikadhaniwa ni chama cha mtu. Kina wanachama mia nane, kompyuta moja chini ya meza, na ndani ya kompyuta hiyo kuna majina, namba za simu, kilo za kila msimu, mikopo ya mbolea na madai ambayo hayajalipwa. Ilinunuliwa zamani, inafanya kazi. Kwa nini isiachwe?

Kwa sababu inazeeka kwa njia mbili. Kwanza vyuma: diski inachoka, vumbi linaingia, umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, ukurasa wa daftari unaweza kuharibika katikati. Pili, na hili halionekani kwa macho, programu zake zinaachwa na waliozitengeneza. Microsoft, kwa mfano, iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, inaendelea kuwaka kama kawaida, ila tundu jipya likigunduliwa na wezi wa mtandaoni hakuna tena anayeliziba. Na kuna ugonjwa wa tatu ambao ni wa kwetu sisi binadamu: nywila anaijua mtu mmoja tu, naye amehamia Songea.

Basi chama kinaamua kununua kompyuta mpya. Kosa la kwanza linafanyika siku hiyo hiyo: fundi anaitwa, anaambiwa "hamisha kila kitu leo, kesho tunapokea kahawa." Kuhamisha daftari katikati ya msimu ni sawa na kubadilisha mtumbwi katikati ya ziwa. Inawezekana, lakini kwa nini? Kuna miezi ambayo mizani imepumzika. Hiyo ndiyo ya kazi hii.

Kabla ya kugusa chochote, fundi mzuri huuliza nini kingine kinalitegemea daftari hilo. Kuna orodha inayopelekwa benki. Kuna programu inayotuma ujumbe mfupi kwa wakulima. Kuna faili ambalo mhasibu hulifungua mara moja tu kwa mwaka, wakati wa ukaguzi. Kitu kinachotumika mara moja kwa mwaka ndicho kinachosahaulika, na kinakumbukwa mkaguzi akishafika.

Halafu inakuja nakala rudufu, yaani nakala ya daftari zima iliyowekwa mahali pengine. Wengi wanayo, au wanadhani wanayo. Mwaka 2017, tarehe 31 Januari, kampuni ya GitLab inayowatunzia watengenezaji programu kazi zao ilipata pigo: fundi mmoja aliyekuwa akihangaika usiku alifuta daftari lenyewe akidhani yuko kwenye mashine nyingine. Lilikuwa na gigabaiti kama 300, likabaki na 4.5 aliposhtuka. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili. Walipozigeukia waligundua hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yule yule alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Kazi za zile saa sita zilipotea. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo shamba lao. Kwa hiyo swali la kumuuliza karani lisiwe "nakala ipo?" Muulize lini mara ya mwisho nakala ile ilifunguliwa kwenye kompyuta nyingine ikasomeka. Flashi iliyoko kabatini haijathibitisha chochote mpaka ifunguliwe.

Ikishathibitishwa, hiyo nakala ndiyo inayotumika kufanya mazoezi. Daftari halisi linaachwa liendelee na kazi, nakala inahamishiwa kwenye mashine mpya, na watu wanaangalia kimeharibika nini. Kitaharibika kitu, kila mara. Na vinavyoharibika huku kwetu vina sura yake.

Chukua majina. Kiswahili na lugha zetu zina ng' yenye kile kialama cha juu. Kwenye lugha ya kanzidata nyingi alama hiyo hiyo inamaanisha "maneno yameishia hapa". Programu iliyoandikwa kizembe ikikutana na mwanachama aliyeandikwa kuwa mkazi wa Ng'ombo, inadhani sentensi imekatika, inamruka, na kuendelea na wa chini yake bila kelele. Chukua namba za simu. Ukizipitisha kwenye jedwali la hesabu, 0754 inageuka 754, kwa kuwa mashine haioni maana ya sifuri mbele ya namba. Malipo yakitumwa kwa simu, hayana pa kwenda. Chukua tarehe: 07/06 kwetu ni tarehe saba mwezi wa sita, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani itasoma Julai 6, na deni la mbolea la Juni litahesabiwa la Julai. Na kuna hili la majina kufanana. Ukisimama sokoni Mbinga ukaita Ndunguru, Komba au Kapinga, watageuka watu wangapi? Daftari linalotambua watu kwa majina badala ya namba ya uanachama litawaunganisha wawili kuwa mmoja, na kilo za mmoja zitalala kwa mwenzake. Wote wawili ni waaminifu, na wote wawili watagombana.

Ndiyo sababu baada ya zoezi kuna kazi isiyopendwa na yeyote, nayo ni kuhesabu. Wanachama wangapi kwenye la zamani, wangapi kwenye jipya? Jumla ya kilo za kila msimu? Jumla ya madai yasiyolipwa, mpaka shilingi ya mwisho? Namba hizo tatu zikilingana, bado unachukua majina kama thelathini bila kuchagua, unayasoma moja moja kwenye mashine zote mbili, ukihakikisha yamo yale yenye ng' na yale yanayofanana. Zisipolingana, mazoezi yanarudiwa. Hakuna aliyeumia, kwa sababu ni nakala tu.

Siku ya uhamisho wenyewe ikifika, jambo kubwa ni kusimamisha uandishi. Kuanzia saa fulani hakuna kinachoingizwa kwenye daftari la zamani. Karani akiendelea kuandika huku fundi ananakili, zile za dakika za mwisho zitabaki upande mmoja. Kama kuna mtu lazima apokelewe, anaandikwa kwenye karatasi yenye namba na ataingizwa baadaye. Kenya walifanya jambo la namna hii kwa ukubwa wa kutisha. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikaa Ujerumani. Aprili 2015 Safaricom iliuhamishia mfumo huo Nairobi, kwenye mitambo mipya. Watu walitangaziwa mapema, na huduma ikazimwa kwa saa kadhaa usiku, wakati watumaji ni wachache. Kuzima huduma kwa makusudi kunaudhi, lakini fedha za watu haziandikwi kwenye madaftari mawili kwa wakati mmoja.

Na mambo yakienda vibaya? Kabla ya siku hiyo iwe imekwisha kuamuliwa, kwa maandishi, kwamba mpaka saa fulani hesabu zisipolingana tunarudi kwenye kompyuta ya zamani na kesho tunafungua ofisi kama kawaida. Kurudi nyuma si aibu. Aibu ni kile kilichoipata benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018, mwishoni mwa wiki moja, iliwahamisha wateja wake zaidi ya milioni tano kwenda mfumo mpya karibu wote kwa pamoja. Walipofungua, hadi wateja milioni 1.9 hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao mtandaoni, na baadhi wakajikuta wanaona akaunti za watu wengine. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba majaribio muhimu yalifanywa kwenye kituo kimoja tu cha seva, wakati benki ilikuwa na viwili. Mambo hayakutulia kabisa mpaka Desemba mwaka huo. Mkuu wa benki aliondoka, na Desemba 2022 wasimamizi wa fedha waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Hawakukosa fedha wala wataalamu. Walikuwa na tarehe, wakaipenda tarehe kuliko majaribio.

Kwa chama chetu cha kufikirika gharama ni ndogo zaidi, ila kwa mwenye kilo zake si ndogo. Kama ada ya mtoto inategemea malipo ya kahawa, wiki tatu za "mfumo bado" ni mtoto kukaa nyumbani.

Kompyuta ya zamani haitupwi wiki hiyo. Inaachwa ikisomeka bila kuandikiwa, angalau mpaka malipo ya msimu mmoja yapite na mkaguzi aone. Wakulima wa kahawa wanalijua hili bila kufundishwa: mibuni mizee haing'olewi shamba zima siku ile ile miche inapotoka kitaluni.

Lakini ukifika wakati wa kuiondoa, diski yake ifutwe kwa programu ya kufutia au ivunjwe kabisa. Kufuta mafaili kwa kubonyeza tu hakutoshi, yanaweza kurudishwa. Ndani yake kuna simu yako, namba yako ya NIDA, akaunti yako ya benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka yeyote anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kompyuta ya chama iliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu ikiwa na majina mia nane ndani ni kosa, hata kama muuzaji hakuwa na nia mbaya.

Sasa wewe msikilizaji, mwanachama, unafanya nini? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uhamisho daftari la tatu ni lako. Ukisikia chama, zahanati, jumuiya ya maji au kikundi cha kuweka na kukopa kinabadilisha mfumo, piga picha stakabadhi zako zote kwa simu, kisha mtumie mtu mmoja wa nyumbani picha hizo, maana simu nayo huanguka mtoni. Nenda ofisini kabla ya uhamisho uombe salio lako liandikwe na kugongwa muhuri wenye tarehe: kilo ngapi, deni kiasi gani, unadai nini. Baada ya uhamisho nenda tena, omba lile lile, weka karatasi mbili pamoja. Angalia na namba ya simu, sifuri ipo? Jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho?

Na kwenye mkutano mkuu, viongozi wakitangaza mfumo mpya, nyoosha mkono. Uliza nakala ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Uliza jumla ya kilo za msimu uliopita kwenye la zamani na kwenye jipya, zisomwe mbele ya watu. Uliza nani mwingine zaidi ya fundi anajua nywila, na imehifadhiwa wapi. Uliza ile kompyuta ya zamani iko wapi leo.